Mbili kwa moja: Namungo walivyokwenda Afrika kwa kufungwa fainali

Mei 27, 2017, Uwanja wa Jamhuri, Dodoma: Simba 2, Mbao 1. Agosti 2, 2020, Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga: Simba 2, Namungo 1. Kombe ni lile lile, Kombe la Shirikisho la Azam, na aliyelibeba ni yule yule. Hata waliofungwa wanafanana. Mbao wa Mwanza na Namungo wa Ruangwa, kila mmoja alifika fainali akiwa katika msimu wake wa kwanza wa Ligi Kuu, bila jina kubwa nyuma yake na bila kombe lolote la maana kabatini.

Mbao walirudi nyumbani na medali za mshindi wa pili, basi. Namungo walirudi na nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakaitumia mpaka wakajikuta kundi moja na Raja Casablanca ya Morocco. Na msimu huo huo wa 2019/20 ambao Namungo walicheza fainali yao, Mbao walishuka daraja.

Nimekuwa nikikirudia kisa hiki kila msimu Kombe la Shirikisho linapoanza na watu wanapoanza kusema kwamba hili ndilo kombe la wanyonge. Ni kombe la wanyonge kweli, lakini mnyonge analipwa kwa kitu kimoja tu, na kitu hicho hakipo mikononi mwake.

Zawadi isiyo ya fedha

Kombe hili lilifufuliwa msimu wa 2015/16 baada ya kulala kwa miaka mingi, Azam Media wakiwa wadhamini. Kabla ya hapo mpira wetu ulikuwa ligi tu. Ligi ina subira: ukipoteza leo unafidia wiki ijayo, na msimu ukiisha unawakuta juu wale uliowazoea. Mtoano hauna subira. Desemba 2017 Simba walikuwa ndio wenye kombe, wakatolewa kwa matuta, yaani mikwaju ya penalti, na Green Warriors, timu ya Ligi Daraja la Pili ambayo wengi walikuwa hawajawahi kuisikia. Mwaka uliofuata, mwezi huo huo, Mashujaa wa Kigoma, nao wakiwa nje ya Ligi Kuu, walikuja Dar es Salaam wakawafunga Simba 3-2. Ndiyo ladha ya kombe, na ndiyo sababu shabiki wa Iringa au Singida hulifuatilia kuliko anavyofuatilia msimamo wa ligi.

Fedha yake, hata hivyo, haijawahi kuwa ya kutisha. Simba walipolibeba 2017 walipewa Sh. milioni 50. Kwa klabu kubwa hizo huyeyuka kwenye mishahara kabla wino wa hundi haujakauka. Kwa klabu ndogo zinasaidia kusafiri na kulala, lakini hazijengi timu. Kinachotafutwa ni tiketi: bingwa wa kombe huiwakilisha nchi kwenye Kombe la Shirikisho Afrika.

Hapo ndipo ilipokaa kanuni iliyozitenganisha Mbao na Namungo. Katika miaka ambayo Tanzania ilikuwa na nafasi mbili tu Afrika, moja ilikwenda kwa bingwa wa ligi na nyingine kwa bingwa wa kombe. Timu moja ikichukua vyote viwili, inakwenda Ligi ya Mabingwa, na ile nafasi ya pili inateremka kwa aliyefungwa fainali ya kombe. Haiendi kwa mshindi wa pili wa ligi. Inakwenda kwa aliyefungwa fainali.

Mwaka wa kwanza kabisa wa kombe hili, 2016, jambo hilo lilitokea bila mtu kulishtukia. Yanga walichukua ligi, kisha wakawafunga Azam 3-1 kwenye fainali ya kombe. Azam walikwenda Afrika, na kwa kuwa Azam hao hao walikuwa pia wa pili kwenye ligi, hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza wanakwenda kwa mlango upi. Kanuni ikapita salama, haijajaribiwa.

Mbao: hesabu ya mabao

Sasa turudi Dodoma. Msimu wa 2016/17 Yanga na Simba walimaliza ligi wakiwa na pointi 68 kila mmoja. Yanga walichukua ubingwa kwa tofauti ya mabao. Watu wanakumbuka zogo la msimu ule, rufaa na kelele za pointi za mezani, zile zinazotolewa nje ya uwanja, lakini wachache wanakumbuka kwamba tofauti ile ya mabao ilikuwa pia inaamua maisha ya timu ya tatu.

Fikiria. Kama Simba wangekuwa mabingwa wa ligi, wangeingia fainali ya Dodoma wakiwa na Ligi ya Mabingwa mfukoni, na Mbao wangeingia uwanjani wakijua kwamba wakishinda, wakishindwa, Afrika wanakwenda. Kwa kuwa ubingwa ulikwenda Jangwani, kwa Yanga, Simba walifika Dodoma bila tiketi yoyote. Walikuwa hawajacheza mashindano ya Afrika tangu 2013. Kwao ile haikuwa mechi ya kombe, ilikuwa mechi ya kurudi duniani. Mbao walikutana na mkubwa mwenye njaa, na mkubwa mwenye njaa ni mtu mwingine kabisa.

Na angalia Mbao walichokuwa wamefanya kufika pale. Nusu fainali waliwatoa Yanga 1-0 kwenye Uwanja wa CCM Kirumba. Siku ya mwisho ya ligi wakawafunga Yanga tena 1-0 pale pale, bao lililowasaidia kubaki Ligi Kuu. Klabu iliyopanda juzi imemfunga bingwa wa nchi mara mbili ndani ya wiki chache, na kipigo cha pili kikamwacha bingwa huyo sawa kwa pointi na Simba. Mbao walifanya kila ambacho mnyonge anaweza kufanya. Walichoshindwa kukifanya ni kuwafunga Yanga mabao mengi zaidi ili ubingwa uende kwa Simba, na ili wao wenyewe wapate tiketi kwa kufungwa na Simba. Ni hesabu ya kichekesho, lakini ndiyo iliyokuwa hesabu.

Fainali yenyewe ilimaliza dakika 90 bila bao. Katika muda wa nyongeza Fredrick Blagnon akawapa Simba bao la kwanza, Ndaki Robert akasawazisha, kisha mwishoni kabisa ikatolewa penalti na Shiza Kichuya akaifunga. Jina hilo la Kichuya liweke pembeni, tutalihitaji.

Sumbawanga: mechi ambayo haikuwa na njaa

Miaka mitatu baadaye. Corona ilisimamisha ligi Machi 2020, mpira ukarudi Juni 13. Juni 28 Simba walitoka sare ya bila bao na Prisons mjini Mbeya na pointi ile moja ikawapa ubingwa mapema. Kuanzia jioni ile, kombe likawa limebadilika umbo, ingawa ratiba ilikuwa ile ile.

Kwenye nusu fainali upande mmoja walikuwa Simba na Yanga. Upande wa pili walikuwa Namungo na Sahare All Stars ya Tanga, timu ya Ligi Daraja la Kwanza. Tuseme polepole kilichokuwa mezani. Yanga wakimfunga Simba, fainali itakuwa ya kugombea tiketi, kama kawaida. Simba akimfunga Yanga, tiketi inakuwa imekwisha kutolewa: yeyote atakayetoka upande wa pili anakwenda Afrika, hata akifungwa fainali mabao kumi. Maana yake Sahare, ambao hawakuwa hata Ligi Kuu, walikuwa mechi moja tu na msaada wa Simba mbali na mashindano ya CAF, shirikisho la mpira la Afrika. Sijui kama imewahi kutokea tena hapa kwetu timu ya daraja la chini kusogea karibu kiasi hicho, na ilipita kimya kwa sababu nchi nzima ilikuwa inatazama Uwanja wa Taifa, kwa Simba na Yanga.

Julai 12 Simba wakawafunga Yanga 4-1. Namungo wakawa wamewatoa Sahare. Kwa maoni yangu fainali ya kweli ya Namungo ilikuwa ile ya Sahare, na goli la ushindi walifungiwa na Simba.

Kwa hiyo Sumbawanga, Agosti 2, timu mbili ziliingia uwanjani ambazo hakuna iliyokuwa inahitaji tiketi. Simba walikuwa na ya kwao, Namungo walikuwa na ya kwao. Kilichobaki ni kikombe chenyewe na heshima. Luis Miquissone na John Bocco walifunga kipindi cha kwanza, Edward Manyama akarudisha moja, ikaishia hapo. Ilikuwa mechi nzuri ya kutazama, wachezaji wamelegea mabega, tofauti na Dodoma ambako kila mpira uliorushwa ulikuwa na ugomvi ndani yake.

Kulikuwa na watu walionung'unika, na hoja yao si ya kupuuzwa. Yanga walimaliza ligi wakiwa wa pili. Namungo walimaliza wa nne. Wa pili akabaki nyumbani, wa nne akapanda ndege. Mtu akikuambia hilo ni haki, lazima umwombe aeleze.

Mimi naliona ni haki, na sababu yangu ni hii. Ligi ina zawadi yake na kombe lina zawadi yake. Ukichukua tiketi ya kombe ukampa mshindi wa pili wa ligi, umeifanya ligi ilipwe mara mbili na umewaambia Namungo wote wa nchi hii kwamba safari yao ya raundi zote zile ilikuwa burudani ya kujaza vipindi vya televisheni. Yanga walikuwa na nafasi yao ya kuingia kwa mlango wa kombe. Walifungwa nne. Hayo mengine ni majonzi ya mashabiki, na majonzi ya mashabiki wa Yanga yana sauti kubwa kwa sababu wako wengi.

Ruangwa si Mwanza

Hapa lazima niwe mkweli, maana kisa hiki kinaweza kusimuliwa kana kwamba kanuni peke yake iliwaokoa Namungo. Haikuwaokoa peke yake.

Ruangwa ni wilaya ya Mkoa wa Lindi, mji mdogo ambao kabla ya mpira ungeusikia kwenye habari za korosho, ufuta na madini. Lilikuwa pia jimbo la Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2015 hadi 2025, na uwanja wa timu unaitwa Majaliwa. Hakuna aliyewahi kuficha uhusiano huo wala hakuna haja ya kuuficha. Klabu ya mji mdogo inaishi kwa mtu au taasisi inayoibeba. Mtibwa na Kagera wanabebwa na sukari, Prisons na JKT wanabebwa na majeshi, na klabu za mtaani zinabebwa na mtu mwenye moyo mpaka moyo uchoke au mfuko utoboke. Namungo walikuwa na mtu ambaye mfadhili akipigiwa simu naye, anapokea.

Linganisha na waliowatangulia kufungwa fainali. Mbao, 2017. Singida United, waliofungwa 3-2 na Mtibwa Sugar Arusha, 2018. Lipuli ya Iringa, waliowatoa Yanga nusu fainali kwenye Uwanja wa Samora kisha wakafungwa 1-0 na Azam, 2019. Msimu wa 2019/20 ulipofungwa, Singida United na Lipuli walishuka moja kwa moja, na Mbao wakamaliziwa na Ihefu kwenye mechi za mchujo. Timu tatu zilizofungwa fainali tatu mfululizo zilizama katika msimu mmoja, msimu ule ule ambao Namungo walikuwa wa nne kwenye ligi. Ukiniuliza kama fainali ya kombe inaijenga klabu ndogo, nitakuonyesha msimamo wa ligi wa mwaka huo na nitanyamaza.

Fainali ile ya Lipuli, kwa bahati tu, ilichezwa Uwanja wa Ilulu, Lindi. TFF, shirikisho la mpira la Tanzania, wana desturi nzuri ya kuipeleka fainali mikoani, na mwaka mmoja kabla ya Sumbawanga waliileta kwenye mkoa wa Namungo wenyewe, wakati Namungo wakijiandaa kupanda Ligi Kuu. Mtu wa Ruangwa aliyekwenda Ilulu siku ile aliiona kesho yake bila kujua.

Kinachoitofautisha klabu iliyoandaliwa ni nini inafanya na bahati ikija. Dirisha la usajili la 2020 lilipofunguliwa, Namungo walimchukua Shiza Kichuya. Ndiyo, yule wa penalti ya Dodoma. Mguu uliowazamisha Mbao ukaja kuwasaidia Namungo Afrika. Klabu isiyo na tiketi na isiyo na mfadhili haimpati mchezaji wa aina hiyo. Kocha Hitimana Thierry, Mnyarwanda aliyewafikisha fainali, hakudumu kuiona safari hadi mwisho, na nafasi yake akaja Hemed Suleiman, ambaye wote tunamwita Morocco. Kubadili kocha katikati ya safari ya Afrika si jambo ninalolipenda. Kwa Namungo halikuwagharimu, angalau si mara moja.

Luanda

Al Rabita ya Sudan Kusini ilitolewa. Kisha wakaja Al Hilal Obeid ya Sudan: 2-0 Dar es Salaam, 3-3 ugenini. Sare ile ya Sudan ndiyo mechi ninayoiheshimu kuliko zote katika safari yao. Timu isiyowahi kucheza Afrika kwenda kufunga mabao matatu ugenini wakati ingeweza kujifungia nyuma na kulinda mawili ya nyumbani, si jambo la kila siku.

Mechi ya mwisho kabla ya makundi ilikuwa dhidi ya Primeiro de Agosto ya Angola, klabu kubwa ya jeshi iliyoteremka kutoka Ligi ya Mabingwa. Namungo walikwenda Luanda Februari 2021. Walipofika wakapimwa Corona, majibu yakasema wamo wenye maambukizi, na mamlaka za Angola zikataka msafara wote uwekwe karantini. Mechi ya Februari 14 haikuchezwa. Wauaji wa Kusini, kama wanavyojiita, wakawa wamefungiwa hotelini nchi ya watu huku viongozi wa mpira wa Tanzania, Angola na CAF wakiandikiana barua.

Ni hapo ambapo klabu ndogo hufa. Siongelei uwanjani. Kwenye karatasi, kwenye vibali, kwenye simu zisizopokelewa. Namungo hawakufa. CAF waliifuta mechi ya Luanda na kuamua zote mbili zichezwe Dar es Salaam. Februari 21 Namungo wakashinda 6-2. Siku nne baadaye wakafungwa 3-1. Jumla 7-5, makundi.

Mtu anaweza kusema walibebwa na uamuzi wa kucheza nyumbani mara mbili. Labda. Lakini uamuzi wa CAF haufungi mabao sita.

Sasa weka pembeni ya hilo kisa cha Biashara United ya Musoma, miezi minane tu baadaye. Oktoba 2021 Biashara waliwafunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 hapa nyumbani. Walihitaji kusafiri tu, walinde mabao mawili. Hawakufika Libya. Mambo ya vibali vya ndege yakakwama, siku ikapita, CAF wakawatoa. Msimu ulipoisha Biashara walikuwa wameshuka daraja. Ni tiketi ile ile ya Afrika, mechi mbili zilizokwama njiani, na tofauti ilikuwa nani anasimama nyuma ya timu wakati wa kukwama. Sisemi viongozi wa Biashara walizembea. Nasema Musoma hapakuwa na simu zile.

Mkiani, na bado walilipwa

Kundi D lilikuwa la Raja Casablanca, Pyramids ya Misri, Nkana ya Zambia na Namungo. Raja walishinda mechi zote sita. Namungo walipoteza zote sita. Hakuna la kupamba hapo. Raja wale ndio waliokuja kulichukua kombe mwezi Julai huko Cotonou, na Namungo walionekana kila dakika kuwa timu iliyofika chumba kisicho cha saizi yake.

Tena mechi zao za nyumbani hazikuwa za nyumbani. Zilichezwa Dar es Salaam, kwa sababu kiwanja cha Ruangwa hakikuwa cha kupokea CAF. Mzee wa Ruangwa aliyekuwa akienda Majaliwa kila Jumamosi aliiona Raja kwenye televisheni kama mtu wa Kigoma au wa Mbeya. Hilo hulisahau watu wanaposema klabu ya mji mdogo imeupeleka mji Afrika. Klabu ilikwenda. Mji ulibaki.

Fedha ndiyo inayobadilisha sura ya kisa. Wakati ule CAF walikuwa wakiilipa klabu inayomaliza mkiani mwa kundi la Kombe la Shirikisho dola 275,000. Kwa thamani ya shilingi ya 2021 ni zaidi ya milioni 600. Ukiilinganisha na milioni 50 walizopewa Simba 2017 kwa kulibeba kombe la nyumbani, utaona jambo la ajabu: kufungwa fainali kisha kufungwa mechi sita za kundi kulilipa zaidi ya mara kumi na mbili ya kushinda kombe. Gharama za safari zilikula sehemu ya fedha hiyo, hilo linajulikana. Lakini klabu iliyopanda Ligi Kuu 2019 haijashuka tangu hapo. Msimu wa 2024/25 ilikuwa bado ipo. Katika orodha ya waliofungwa fainali kati ya 2017 na 2020, ni wao peke yao wanaoweza kusema hivyo.

Mlango uliofungwa

Je, Namungo mwingine anaweza kupita palepale? Kwa hali ilivyo, hapana, na sababu yake inachekesha kidogo.

Mlango wa aliyefungwa fainali ulikuwa na maana nchi ilipokuwa na nafasi mbili. Mwaka ule ule wa Namungo, Simba walifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, pointi za Tanzania CAF zikapanda, na kuanzia msimu wa 2021/22 nchi ikawa na nafasi nne: mbili za Ligi ya Mabingwa, mbili za Kombe la Shirikisho Afrika. Habari njema kwa taifa. Ila nafasi zikiwa nne, bingwa wa kombe akiwa tayari yumo kati ya wawili wa juu, nafasi inateremka kwenye msimamo wa ligi, haiendi tena kwa aliyefungwa fainali. Ndivyo Biashara walivyoingia 2021 wakiwa wa nne, Simba na Yanga walipokutana fainali ya Kigoma.

Aliyelipa ni Coastal Union. Fainali ya 2022, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, walitoka 3-3 na Yanga, wakafungwa kwa matuta. Mabao yote matatu ya Coastal yalifungwa na kijana mmoja, Abdul Suleiman, Sopu. Mabao matatu dhidi ya Yanga katika fainali. Kwa kanuni ya 2020 Coastal wangekuwa Afrika, kwa sababu Yanga walikuwa pia mabingwa wa ligi. Kwa hali ya 2022 nafasi ilikwenda kwa Geita Gold waliomaliza wa nne.

Muda mfupi baadaye Sopu alisajiliwa na Azam, ambao walikuwa na tiketi ya Shirikisho Afrika. Coastal walibaki kwao Mkwakwani, Tanga, wakasubiri hadi 2024 kuingia kwa mlango wa ligi, wakiwa wa nne, kama Namungo walivyokuwa wa nne mwaka ambao hawakuuhitaji mlango huo.